Hodi Katika Ruta ya Mama

Usiku ule nilikuwa na nia moja tu: kuipunguzia kasi televisheni. Mama alikuwa amepiga simu kutoka Tanga akilalamika kwamba wajukuu wakifungua katuni sebuleni, yeye chumbani hapati hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kama nilivyozoea kwa muda wa miezi minane, nikafungua kompyuta mpakato hapa Tabata, Dar es Salaam, nikaandika anwani ya ruta yake, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, kwenye kivinjari, nikaweka nywila na kuingia. Kidole kikateleza. Badala ya ukurasa wa vifaa, nikajikuta kwenye ukurasa ambao sikuwahi kuufungua tangu tuinunue ruta ile, yaani daftari la matukio.

Mistari ilikuwa imejaa kutoka juu hadi chini. Kila baada ya sekunde mbili au tatu kulikuwa na mtu, au kitu, kilichojaribu kuingia. Jina: admin, imeshindikana. Jina: root, imeshindikana. Support, guest, user, kisha admin tena, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Anwani walizotokea hazikufanana. Nikaushusha ukurasa nikiutafuta mwanzo wake, na mwanzo ulikuwa saa tatu asubuhi ya siku ileile.

Hawakuanza saa tatu asubuhi. Daftari lilikuwa limejaa, likawa linajifuta lenyewe.

Daftari lisilokumbuka

Ruta ndogo za nyumbani huandika matukio yake kwenye kumbukumbu ya muda. Nafasi ikijaa, mstari mpya huufuta ule wa zamani kuliko yote, na umeme ukikatika hufutika yote kwa pamoja. Wiki ile umeme ulikuwa umekatika Ngamiani, mtaani kwa mama, mara mbili. Kwa hiyo mbele yangu nilikuwa na ushahidi wa saa kumi na mbili tu, kati ya miezi minane ambayo mlango wa kuingilia ruta kutoka mbali ulikuwa wazi.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi kwa wiki kadhaa. Kwamba walijaribu si neno, kwani kila anayeacha mlango barabarani atagongewa. Kilichonikera ni kwamba sikuwa na njia ya kujua kama kuna hata mmoja aliyewahi kufaulu. Nilikagua kila nilichoweza kukagua. Anwani za DNS, zile zinazoiambia ruta pa kuuliza tovuti iko wapi, zilikuwa zilezile, hapakuwa na jina la mtumiaji nisilolijua, wala mlango mwingine uliofunguliwa kuelekea ndani. Kila kitu kilionekana salama, nami najua fika kwamba mwizi wa aina hii akifanya kazi yake vizuri, kila kitu huonekana salama.

Mlango nilikuwa nimeufungua mimi mwenyewe. Nilipokwenda kumsalimu mama mwaka jana, nilichoshwa na zile simu za "mwanangu, taa nyekundu inawaka, nifanyeje?", nikaingia kwenye mipangilio na kutia tiki kwenye kisanduku cha usimamizi wa mbali, mlango namba 8080. Ukurasa wenyewe haukuwa na usimbaji, maana yake nywila yangu ilisafiri uchi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kila nilipoingia, zikiwamo zile mara nilizotumia waifai ya mgahawani. Jina la mtumiaji lilikuwa admin kwa sababu ruta ile haikuruhusu kulibadilisha. Nywila ilikuwa jina la mama na mwaka wake wa kuzaliwa.

Ndiyo. Na mimi ndiye ninayepigiwa simu na ukoo mzima kompyuta zikiharibika.

Hakuna aliyemchagua mama

Nilimsimulia rafiki mmoja ambaye kazi yake ni mitandao. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa nibadilishe namba ya mlango, nitoke 8080 niende namba yoyote isiyo ya kawaida. Ushauri huu umeenea sana, na kwa maoni yangu ni sawa na kuuhamishia mlango wa mbele kwenye ukuta wa pembeni huku ukiuacha bila komeo. Unapunguza kelele, lakini hupunguzi hatari kwa kiasi cha kukupa usingizi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, iliyoweza kugonga mlango mmoja kwenye anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4 duniani, kutoka kwenye kompyuta moja yenye laini nzuri, chini ya dakika 45. Dunia nzima kwa muda wa kuchemsha maharage nusu. Anayetaka kugonga milango mingine atatumia muda mrefu zaidi, na muda anao.

Kwa hiyo hakuna aliyekaa mahali akaamua kumwandama mwalimu mstaafu wa Ngamiani. Majina yale niliyoyaona, root, support, guest, ni ndugu wa orodha iliyotumiwa na programu hasidi ya Mirai mwaka 2016. Mirai ilikuwa na jozi kama 60 tu za majina na nywila za kiwandani, lakini zilitosha kuteka kamera na ruta kwa malaki, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo kundi la vifaa vya namna hiyo liliielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwenye tovuti nyingi kubwa, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Walioitunga walikuwa vijana watatu, na ugomvi uliowaanzisha ulihusu seva za mchezo wa Minecraft.

Nilipolifikiria hilo, nilipata faraja kidogo na aibu kubwa. Waliokuwa wakigonga hawakuwa na haja na picha za mama wala ujumbe wake. Walitaka laini yake na umeme wake wa LUKU ili wakapigane vita vya watu wasiomjua. Watu wa Tanga husema waja leo waondoka leo, lakini mgeni wa aina hii akishaingia haondoki, wala hutamsikia akikohoa.

Niliondoa ile tiki usiku uleule. Usingizi haukuja hata hivyo.

Sindano

Mwaka 2018 ilipogunduliwa programu hasidi ya VPNFilter kwenye vifaa visivyopungua 500,000, hasa ruta, katika nchi 54, FBI iliwaomba watu wazizime ruta zao na kuziwasha tena. Zima-washa iliondoa sehemu kubwa ya kirusi, ila sehemu ya kwanza, ile iliyojishikiza kwenye hifadhi ya kudumu, ilibaki palepale. Nililikumbuka jambo hili kila mara mama aliponiambia kwenye simu, "Nimeizima nikaiwasha, sasa inakwenda vizuri."

Nikapanda basi pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Takriban kilomita 350 kwa ajili ya kutia sindano kwenye tundu dogo nyuma ya kisanduku cha plastiki na kuhesabu hadi kumi. Kurudisha mipangilio ya kiwandani peke yake hakukuniridhisha, kwa hiyo niliifuta kabisa programu yake endeshi na kuiwekea OpenWrt, programu endeshi huria ya ruta, kwani bahati nzuri ruta ile imo kwenye orodha ya zinazoikubali. Kwa dakika tatu taa zote zilizimika. Mama alikuwa amesimama mlangoni akiwa na kikombe cha chai.

"Umeiua?"

Nikamweleza, kwa kadiri nilivyoweza, kwamba niliacha mlango wazi na kwamba kuna watu waliokuwa wakijaribu kuingia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mimi kwa wiki zote zile sikuwa nimejiuliza.

"Huo mlango wa kuingilia humu ndani, uliniambia siku ile unaufungua?"

Sikuwa nimemwambia. Wakati ule niliona hana haja ya kujua.

Faiba ikanifungia

Kabla sijaamua la kufanya, laini yenyewe ilibadilika. Mafundi walipita mtaani kutoa nyaya za shaba na kuingiza faiba, wakaacha kisanduku chao ukutani, na ruta yangu ikachomekwa nyuma yake. Nilipotazama anwani iliyopewa ruta kwa upande wa nje, nikakuta inaanza na 100 ikifuatiwa na sabini na kitu. Anayefanya kazi za mitandao atajua hapo hapo. Mafungu ya mwisho ya anwani za IPv4 yaligawiwa mamlaka za kanda tarehe 3 Februari 2011, na mwaka uliofuata likatengwa fungu la kuanzia 100.64 hadi 100.127 ili kampuni za simu na intaneti ziwapangishe wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Mama alikuwa amehamishwa kutoka nyumba yenye namba yake hadi chumba ndani ya nyumba ya kupanga, na kutoka nje hakuna awezaye kubisha kwenye chumba hicho hata akitaka.

Nusu ya moyo wangu ilifurahi. Nilijiambia kwamba tatizo limejimaliza, mtandao umenifungia mlango niliokuwa nauogopa, basi niache.

Lakini kushirikiana anwani kulibuniwa kwa sababu ya uhaba, na ulinzi ukipatikana hapo ni wa bahati. Zaidi ya hayo, kisanduku cha mafundi kina mlango wake. Makampuni mengi husimamia visanduku vyao kwa utaratibu uitwao TR-069, na ndiyo sababu mhudumu wa simu anaweza kukwambia "nakuona hapa umekatika" kabla hujamaliza kueleza. Utaratibu huo una manufaa, nao pia umewahi kugongwa. Novemba 2016 wateja wa Deutsche Telekom wapatao 900,000 nchini Ujerumani walipoteza huduma baada ya mtu kujaribu kuingiza Mirai kwenye ruta kupitia mlango namba 7547, unaotumika kwa usimamizi huo. Kumbe tayari kulikuwa na mtu mwingine mwenye ufunguo wa nyumba ya mama, naye pia hakuwahi kuaga wala kubisha hodi.

Na zile simu za taa nyekundu zikarudi.

Nyumba itoke nje yenyewe

Suluhisho nililolichagua linageuza mwelekeo. Badala ya kufungua mlango wa kuingia, ruta ya Tanga ndiyo inayotoka nje kwenda kukutana nami mahali pa katikati. Nilikodi seva ndogo, nikaweka WireGuard, programu inayojenga handaki la siri kati ya mashine, huko, kwenye ruta, na kwenye kompyuta yangu. Kila upande una jozi ya funguo: wa siri haubanduki kifaa ulipozaliwa, wa hadharani unagawiwa, kila mmoja ni mfuatano wa herufi 44, na ule wa siri hauwezi kukisiwa na orodha ya nywila za kiwandani hata ikipewa karne. WireGuard iliingizwa ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.6 mwezi Machi 2020, na msimbo wake ni mfupi kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuusoma wote, mistari ipatayo 4,000.

Sifa yake ninayoipenda kuliko zote ni ukimya. Ukiigonga bila ufunguo sahihi haikujibu kwamba umekosea, haikujibu chochote, kana kwamba hapo hapana nyumba. Nililitazama daftari la seva baada ya wiki nzima, na kwa mlango ule halikuwa na mstari hata mmoja.

Mambo mawili yalinisumbua katika kuijenga. La kwanza ni kwamba seva ya katikati huifungua kila pakiti ya data na kuifunga upya kabla ya kuipitisha, kwa hiyo atakayeiteka seva atasoma yanayopita. Ndiyo maana ndani ya handaki hilo ninaingia kwa SSH, njia ya siri ya kuiamuru mashine kutoka mbali, yenye ufunguo wake mwingine, na nywila nimeikataza kabisa. La pili ni hofu ya kujifungia nje. Kuhariri sheria za ruta iliyo umbali wa safari ya basi ni kama kukata tawi ulilokalia. OpenWrt ina adabu moja nzuri: ukibadilisha mipangilio kwenye ukurasa wake, kisha kivinjari kikashindwa kuifikia tena ruta ndani ya sekunde 90, inarudisha mipangilio ya zamani. Adabu hiyo imeniokoa mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa nahariri faili moja kwa moja, nikamwombea mama subira, naye akachomoa waya.

Kulikuwa pia na suala la sheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba anayehitaji kutumia VPN, yaani handaki la aina hii, katika shughuli zake ajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na miongoni mwa yanayotakiwa ni anwani ya IP. Handaki langu halimfichi mtu wala halifungui kilichozuiwa, linatoka sebuleni kwa mama na kuishia kwangu, lakini sikutaka kuwa hakimu katika kesi yangu mwenyewe, nikajaza. Nilikwama kwenye anwani. Ya mama ni ya kupanga, ya simu yangu ni ya kupanga, yenye kudumu ni ya seva peke yake. Nikaandika hiyo.

Saa nane usiku

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya mafunzo, nanyi mngeniachia maoni kuhusu funguo.

Kwa kuwa lalamiko la mwanzo lilikuwa televisheni, niliweka kwenye ruta programu ndogo inayohesabu matumizi ya kila kifaa. Asubuhi moja nilipoifungua niliona kwamba simu ya mama, ile Tecno, ilikuwa ikipokea data tangu saa nane usiku hadi saa kumi. Nikatazama siku iliyotangulia, ilikuwa hivyohivyo. Nikarudi nyuma siku tisa, na katika siku hizo usiku mmoja tu ndio aliolala moja kwa moja.

Kila Jumapili mimi humuuliza, "Unalala vizuri, mama?" Naye hujibu, "Alhamdulillahi, nalala."

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Wale waliogonga mlango wa 8080 kwa miezi minane hawakuwa na habari kwamba mama yupo duniani. Mimi, mwenye funguo za herufi 44 na handaki lisilojibu wageni, ndiye niliyejua anaamka saa ngapi, na nilijua bila yeye kuniambia. Tangu baba afariki, kila mmoja wetu ana saa zake za kuwa macho, na za mama alikuwa ameamua kutozisema. Nilikuwa nimehangaika kwa wiki nyingi kuwafungia nje watu wasiomjua, na katika kuhangaika huko nikawa nimejipa ruhusa ya kukaa ndani.

Nilipompigia sikuweza kuzunguka.

"Mama, mbona usiku huwa uko macho?"

Akanyamaza. Nilisikia redio kwa nyuma, na ndoo ikiburuzwa uani.

"Umeambiwa na nani?"

"Ruta."

"Kumbe siku zote umo humu ndani," alisema, wala hakusema kwa hasira. Halafu akaniambia kwamba husikiliza kisomo mpaka usingizi umchukue, na kwamba hilo angeniambia mwenyewe siku ambayo angetaka.

Kitufe

Niliiondoa ile programu ya hesabu kabla hatujakata simu. Bado lilibaki handaki lenyewe, ambalo lilikuwa linakaa hewani usiku na mchana, likitoa ishara kila sekunde 25 ili lisisahaulike na mitambo ya njiani. Nilijishauri kwamba sitaangalia. Kisha nikakumbuka kwamba hata kisanduku cha 8080 nilikitia tiki nikiwa na nia njema.

Ruta ile ina kitufe cha WPS, cha kuunganisha kifaa kwenye waifai bila kuandika nywila, ambacho kwa kazi yake hiyo ya asili sikitaki hata kukisikia, kwani udhaifu wa PIN yake umejulikana tangu 2011. OpenWrt inakuruhusu kukipa kitufe kazi nyingine. Nikaandika mistari michache: kikibonyezwa, handaki linawaka na taa moja ya mbele inakuwa kijani, baada ya dakika 60 linajizima lenyewe, kikibonyezwa tena kabla ya hapo, linazimika papo hapo. Bila kitufe hicho ruta haitoki nje kunitafuta, na mimi sina pa kuingilia.

Rafiki yangu wa mitandao aliniona mpumbavu. Aliniuliza, likitoka sasisho la dharura mama akiwa amelala? Nitampigia. Je, akisafiri? Sasisho litamngoja. Je, ruta ikiharibika kiasi kwamba kitufe hakifanyi kazi? Ikifika huko, handaki la kudumu nalo lisingefanya kazi. Swali lake la nne sikuwa na jibu lake, nalo ni kwamba itakuwaje mama akizeeka akasahau kitufe ni cha nini. Bado sina.

Jumamosi iliyopita, baada ya magharibi, simu yangu iliita.

"Watoto hawa na katuni zao wamenichosha. Nimebonyeza, taa imekuwa kijani. Karibu."

Nikaingia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye televisheni, nikaiwekea kikomo cha kasi, nikahifadhi. Kazi yenyewe haikufika dakika tano. Nilikuwa natazama tu kama kuna masasisho ya kuweka simu ilipoita tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mbona taa bado inawaka?"

Nikaanza kumweleza habari ya dakika 60. Sikufika mbali, nilisikia kitufe kikilia tik, na maandishi kwenye kioo changu yakaganda katikati ya mstari.